Herufi A mpaka G: namna ya kusoma kipimo cha nishati cha nyumba na majengo

Ndugu zetu walio Brussels, Lille au London wanapotafuta nyumba ya kupanga, wanaonyeshwa karatasi yenye mistari ya rangi, kijani juu na nyekundu chini, pamoja na herufi kutoka A mpaka G. Wengine wanatuma picha ya karatasi hiyo kwa jamaa huku nyumbani, na jamaa hawajui la kujibu. Herufi hizo hizo tunazikuta kwenye frigo na mashini za kufulia za okazio zinazoshushwa Goma, Bukavu, Uvira na Bunia. Na kamati zetu za ujenzi, zinapopokea wataalamu au wafadhili, zinaambiwa siku hizi kwamba jengo litakuwa "la kijani", bila kuelezwa kijani hicho kinapimwa kwa nini. Tumeona ni vema kulieleza jambo hili taratibu, maana ndani yake kuna fedha za familia na matoleo ya waamini.

La kwanza la kushika ni hili: herufi ni kifuniko tu. Chini yake kuna namba, na namba ndiyo inayosema. Anayetazama herufi bila kuuliza namba, nchi na mwaka, anaweza kupotea hata kama hakuna aliyetaka kumdanganya.

Namba iliyo chini ya herufi

Matumizi ya umeme yanahesabiwa kwa kilowati-saa. Chombo cha wati 1000 kikiwaka saa moja, kimekula kilowati-saa moja. Ampuli ya LED ya wati 10 itakula kiasi hicho hicho baada ya kuwaka saa 100. Wenye mita ya kulipia mbele wanakijua kipimo hiki tayari, ila kwa jina lingine: unite moja mnayonunua ndiyo kilowati-saa moja.

Kwa nyumba, wataalamu wanachukua kilowati-saa za mwaka mzima na kuzigawanya kwa meta za mraba za sakafu, ili nyumba kubwa na ndogo ziweze kulinganishwa. Nyumba ya meta za mraba 80 yenye namba 290 inahesabiwa kwamba inakula kilowati-saa 23 200 kwa mwaka. Msomaji wa Bukavu atashangaa. Tupige hesabu ya nyumba ya huku: ampuli tano za wati 10 zinazowaka saa tano kila jioni, televizio ya wati 80 kwa saa tano, na frigo inayokula kilowati-saa 0,8 kwa siku. Jumla haifiki 1,5 kwa siku, wala 550 kwa mwaka. Na zaidi ya hayo, karatasi ya Ufaransa haihesabu frigo wala televizio.

Tofauti hiyo inatoka kwenye baridi. Nyumba ya Ulaya inapashwa joto miezi mingi kwa gazi, mazuti au umeme, na maji ya kuoga yanapashwa mwaka mzima. Ndiyo sababu mpimaji anayekuja kutoa karatasi hatazami sana ampuli. Anatazama unene wa ukuta, kilicho chini ya paa, madirisha kama yana kioo kimoja au viwili, na mashini inayotoa joto. Nyumba inayovuja joto ni kama ndoo iliyotoboka: hata ukiijaza vipi, utarudi kisimani.

Kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui. Namba hiyo haitoki kwenye bili zao. Huko Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2021, inahesabiwa kwa kufuata sura ya jengo lenyewe, kwa kudhani kwamba wakaaji wanaishi kwa namna ya kawaida na kupasha nyumba digrii 19 hivi. Familia inayozima joto na kulala na makoti haibadilishi herufi yake. Yenye watoto wachanga na kuwasha mchana kutwa haiibadilishi pia, ila bili yake itapita ile iliyoandikwa. Kwa hiyo herufi G si lawama kwa mkaaji. Inasema habari ya ukuta.

Jambo la pili ni gumu kidogo, lakini lina maana. Nchi nyingi hazihesabu tu umeme unaofika nyumbani, bali pia nguvu iliyotumika kuutengeneza kwenye mtambo. Ufaransa ilikuwa inazidisha kila kilowati-saa ya umeme mara 2,3. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 inazidisha mara 1,9. Nyumba nyingi zinazopashwa kwa umeme zilipanda herufi siku hiyo bila fundi kugusa hata tofali moja. Wala bili haikushuka kwa sababu hiyo.

Nchi moja, herufi tatu

Ubelgiji, ambako Wakongomani wengi wanakaa, ni mfano mzuri wa kwa nini tunasema uulize nchi. Pale karatasi inaitwa cheti cha PEB kwa Kifaransa, na kila jimbo kati ya matatu lina ngazi zake. Tuchukue nyumba yenye namba 290. Brussels itaipa F, kwa sababu huko F inaanzia 276 na kuishia 345. Ukivuka kwenda Wallonie, kwa mfano Liège au Namur, namba hiyo iko ndani ya D, iliyo kati ya 255 na 340. Ukienda upande wa Waflandre, kule Antwerpen au Gent, utapata C, inayoishia 300. Na huko Ufaransa 290 ingekuwa E. Ni kweli kwamba namna za kupima hazifanani kabisa toka jimbo moja hadi lingine, lakini somo linabaki: mtu wa Antwerpen akimwambia ndugu yake wa Brussels "mimi nina C, wewe una F", hawajalinganisha kitu.

Uingereza wanahesabu kwa njia nyingine tena. Wanatoa alama kutoka 1 mpaka 100, na hapo alama nyingi ndizo nzuri. Alama 92 na zaidi ni A, 69 mpaka 80 ni C, 39 mpaka 54 ni E. Alama hizo zinafuata gharama inayokadiriwa ya kupasha joto na kuwasha taa, si kilowati-saa peke yake. Tunataja hili kwa sababu tumeona watu wakisoma "58" ya karatasi ya London kana kwamba ni kilowati-saa 58 za karatasi ya Ufaransa. Ya kwanza ni nyumba ya kawaida yenye D. Ya pili ingekuwa nyumba bora yenye A.

Sheria nazo zimeingia. Huko England na Wales, tangu Aprili 2020 mwenye nyumba haruhusiwi kupangisha makao yaliyo chini ya E, isipokuwa amepewa ruhusa ya pekee. Huko Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2025, makao ya herufi G hayahesabiwi tena kuwa yanafaa kupangishwa. F zitafuata mwaka 2028 na E mwaka 2034. Tuseme wazi, kwa sababu uvumi unatembea: sheria hiyo haimfukuzi mpangaji aliyemo. Inambana mwenye nyumba. Mpangaji anayefanya mkataba mpya, au ambaye mkataba wake umefanywa upya baada ya tarehe hiyo, anaweza kudai matengenezo, na akikataliwa anaweza kwenda mbele ya hakimu. Tangu Agosti 2022 kodi ya makao ya F na G hairuhusiwi kupandishwa huko.

Ndugu anayetaka kusaini mkataba aombe karatasi kabla ya kutoa kalamu, si baada yake. Atazame anwani na ukubwa wa nyumba kama vinapatana na nyumba aliyoonyeshwa. Atazame tarehe: cheti cha Ufaransa kinadumu miaka kumi, lakini vile vilivyofanywa kabla ya Julai 2021 vyote vimekwisha nguvu. Kisha azidishe namba kwa meta za mraba. Nyumba mbili zenye kodi sawa, moja ya 150 na nyingine ya 400, hazina bei sawa. Ile ya pili inatoza kodi nyingine kimyakimya kila majira ya baridi, na kwa familia ambayo inatuma pia fedha za shule huku kwetu, hiyo ni karo ya mtoto.

Frigo zinazoshuka kwenye makontena

Turudi nyumbani, sokoni. Etiketi ya frigo ina historia ambayo inawafaidia wauzaji kuliko wanunuzi. Ngazi za kwanza za Ulaya za miaka ya 1990 zilikuwa A mpaka G. Viwanda vilipoboreka, vitu karibu vyote vikawa A, basi zikaongezwa A+, A++ na mwishowe A+++. Tarehe 1 Machi 2021 alama zote za kujumlisha zilifutwa, na ngazi zikarudi A mpaka G, lakini ngumu zaidi. Frigo iliyokuwa A++ inaweza kuandikwa E leo, ingawa ni chombo kile kile.

Kwa hiyo "A+" kwenye frigo ya okazio haipaswi kuongeza bei. Kuanzia Julai 2012, A+ ndiyo ilikuwa ngazi ya mwisho kuruhusiwa kuuzwa mpya huko Ulaya kwa frigo za kawaida za nyumbani. Ilikuwa mkia wa darasa, tena darasa la zamani.

Tafuta namba badala ya herufi. Kwenye etiketi imeandikwa kWh/annum, yaani kilowati-saa kwa mwaka. Frigo moja ikisema 450 na nyingine 150, tofauti ni 300. Zidisha kwa bei ya unite moja kwenye risiti yako. Kama ingekuwa senti 20 za dola, basi ni dola 60 kila mwaka, na baada ya miaka michache umelipia frigo ya bei nafuu mara mbili. Kwa anayetumia jua hesabu ni kali zaidi, maana ile ya 450 inaomba betri na paneli mara tatu.

Kuna herufi nyingine ndogo ambazo karibu hakuna anayezisoma, na kwa Uvira na Kalemie ndizo tungetazama kwanza. Ndani ya frigo, au nyuma, kuna kibati kinachosema SN, N, ST au T. N ilitengenezwa kwa chumba cha digrii 16 mpaka 32. ST inafika 38, na T inafika 43. Frigo ya N iliyokaa kimya miaka kumi huko Namur ikiwekwa kwenye duka la mabati kando ya Tanganyika itanguruma mchana kutwa na kufa mapema. Pia namba za etiketi ya zamani zilipimwa katika chumba cha digrii 25. Huku Bukavu zinakaribia ukweli. Kwenye joto la Uvira, ongeza.

Na kwa nyumba nyingi za makanisa yetu chombo kinachokula nishati kuliko vyote si cha umeme. Ni mbabula. Hata mbabula ina ngazi za kimataifa, zilizotolewa mwaka 2018 na shirika la ISO, kutoka 0 mpaka 5, na hapo 5 ndiyo bora. Upande wa nguvu inayofika kwenye sufuria, ngazi ya 1 inaanzia asilimia 10, ya 2 asilimia 20, ya 3 asilimia 30, na ya 5 asilimia 50. Kutoka ngazi ya 1 kwenda ya 3 ni kuivisha chakula kile kile kwa theluthi moja ya makala. Mama anayenunua gunia la makala kila mwezi hahitaji kuelezwa zaidi. Muuzaji akisema mbabula yake "imeboreshwa", aulizwe ngazi gani, na nani aliyeipima. Moshi una ngazi zake mbali. Mbabula inaweza kupunguza makala na bado ikaumiza kifua.

Majengo yetu yasiyo na herufi

Huku kwetu nyumba haiuzwi wala haipangishwi kwa herufi. Je, tuchukue ngazi za Ulaya tuzibandike kwenye makanisa yetu? Tujaribu tuone. Chukueni ukumbi wa meta za mraba 300, wenye neoni 12 za zamani zinazokula wati 45 kila moja pamoja na kifaa chake cha kuwashia, vyombo vya muziki vya wati 400, na projekta ya wati 300. Jumla wati 1240. Kwa ibada ya saa nne ni kilowati-saa 5 kila Jumapili, ni 260 kwa mwaka. Mkigawanya kwa meta 300, hampati hata moja. Huko Brussels A inaishia 45. Kanisa letu lingepewa A bila kupingwa, na saa sita mchana ndani yake wazee wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo na watoto wanatolewa nje kwa joto!

Herufi za Ulaya zinauliza: jengo hili linakula kiasi gani ili watu wakae vizuri? Sisi hatukai vizuri, ndiyo sababu hatuli. Umaskini wa umeme unafanana na ufanisi mtu akiusoma kwenye karatasi, na kamati isikubali kusifiwa kwa hilo.

Lakini namna ya kuhesabu inatufaa. Katika ukumbi ule ule, neoni zikibadilishwa kwa zile za LED za wati 18, mzigo unashuka hadi wati 916. Ukumbi ukipata mwanga wa kutosha wa madirisha ili taa zizimwe mchana, unabaki na wati 700, na ibada inakula 2,8 badala ya 5. Hiyo ni karibu nusu ya betri, kabla ya kuomba mfadhili lolote. Tunasema hivi kwa sababu mara nyingi mambo yanafanywa kinyume: jenereta ya kVA 10 inanunuliwa kwanza, kwa ukumbi ambao mzigo wake haufiki kVA 2, kisha inachoma mafuta ya bure kila Jumapili, kwa kuwa jenereta kubwa haipunguzi sana unywaji wake ikibeba kidogo.

Joto nalo linatoka juu. Mabati yanayopigwa na jua la mchana yanakuwa kama pasi iliyofunguliwa juu ya vichwa vya watu. Dari, au plafo, yenye nafasi ya hewa kati yake na mabati ndiyo inayokata joto hilo, na matundu chini ya ukingo wa paa yanaruhusu hewa ya moto itoke. Rangi nyeupe juu ya mabati inarudisha sehemu kubwa ya jua. Kwa nyanda za juu, kama Lubero au Minembwe, dari hiyo hiyo inafanya kazi usiku kwa upande wa baridi. Inapunguza pia kelele ya mvua, jambo ambalo kila mhubiri wa huku analijua.

Kisha kuna mwelekeo. Butembo iko karibu kabisa na Ikweta, na Goma na Bukavu haziko mbali. Kwetu jua linachoma ukuta wa mashariki asubuhi na wa magharibi jioni. Mchana liko juu ya paa, na kuta za kaskazini na kusini zinapata kidogo. Jengo refu lililolazwa toka mashariki kwenda magharibi, lenye madirisha yake kwenye pande ndefu, linapata mwanga bila moto. Kulielekeza hivyo hakugharimu franka moja, mradi kiwanja kinaruhusu na jambo limesemwa kabla ya kupima msingi.

Mfadhili akileta neno "kijani", kuna kipimo kimoja kinachofaa kwa nchi kama yetu, nacho ni EDGE, cha IFC, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia. Hakitoi herufi. Kinalinganisha ramani ya jengo lenu na jengo la kawaida la mahali penu, na kuomba lipunguze asilimia 20 kwa mambo matatu: nishati, maji, na kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Programu yake inatumika bure kwenye intaneti. Cheti chenyewe ndicho kinacholipiwa. Hilo la tatu linatugusa zaidi ya yote. Tanuru la tofali za kuchoma linameza miti mingi, na miti hiyo inatoka kwenye vilima vile vile ambavyo vinatuletea mmomonyoko na njaa ya kuni. Tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashini na saruji kidogo, bila moto, zinaweza kubeba ukuta wa kanisa la kawaida kama msingi ni mzuri na paa linazikinga na mvua. Swali la kumwuliza mtaalamu ni fupi: asilimia ngapi, ukilinganisha na nini?

Kamati ambayo bado iko kwenye ramani inaweza kugeuza jengo lote kwa kalamu. Ile ambayo imekwisha kupiga msingi imebakiwa na paa, dari, madirisha na taa. Kati ya hivyo vinne, sisi tungeanza na dari, hata kabla ya kununua paneli ya kwanza ya jua.